Atomu ya Muthokoi

Mwaka huo shule ilikuwa na darasa moja lisilo na mwanafunzi hata mmoja. Halikuwa limebomoka. Lilikuwa na madawati, ubao, ramani ya Afrika iliyoliwa na panya upande wa Madagaska, na juu ya mlango maandishi meupe: Kidato cha Kwanza. Kilichokosekana ni Kidato cha Kwanza chenyewe. Mtaala ulikuwa unabadilishwa, watoto waliostahili kuingia humo walikuwa wamebakizwa huko chini wakisoma kwa mpango mpya, na kwa hiyo Kidato cha Pili kikawa cha mwisho cha aina yake, kama mbuzi wa nyuma kabisa kwenye kundi linalopelekwa mnadani: akigeuka haoni mwenzake, anaona vumbi.

Ni shule ya kutwa, upande wa Katelembo, Machakos, mahali ambapo upepo wa kiangazi hupeperusha mchanga hadi katikati ya kurasa za vitabu. Walimu wengi walipita mbele ya darasa tupu wakiangalia pembeni, kama watu wanaopita kwenye nyumba yenye msiba wa jirani wasiyesalimiana naye. Mwalimu mkuu, Bwana Mbithi, aliliangalia akaona stoo ya pili. Mwalimu Munyiva, wa kemia, aliliangalia akafurahi, na hapo tayari unaweza kumjua yeye ni mtu wa namna gani.

Alikuwa na miaka karibu hamsini na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mabati wakati wa mvua. Alizaliwa Mwala, kwa mama aliyeitwa Mukai, mwenye kinu na mikono ya kukitumia. Alipokuwa Kidato cha Pili yeye mwenyewe, shule yao ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa kemia. Wanafunzi waliamua kusoma kitabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, ukurasa huu wako, ule wangu, kama watu wanaosoma Zaburi kwa zamu. Hakuna aliyeelewa kitu, lakini hakuna aliyeweza kusema hawakusoma. Humo ndimo Munyiva alimokutana na sentensi iliyomsumbua kwa miaka: kwamba mwanasayansi Thomson aliifananisha atomu na pudini ya zabibu. Pudini. Aliitamka, akaikariri, akaiandika kwenye mtihani akapata alama zote, akiamini moyoni kuwa ni aina ya mwamba.

Alikuja kukutana na pudini ana kwa ana akiwa mwalimu tayari, kwenye semina katika hoteli moja ya mjini. Ilikuwa laini, ya manjano, ikitetemeka, na haikuwa na zabibu hata moja. Aliila yote kwa heshima ya sayansi. Akatoka pale ameapa mambo mawili: kwamba hakuna mtoto atakayesoma kemia bila mwalimu mahali yeye alipo, na kwamba hakuna atakayekariri pudini. Mume alikuwa naye kwa kipindi fulani. Alikwenda Konza kutafuta kazi kwenye ule mji wa teknolojia unaojengwa, na ujenzi unaendelea, na yeye bado hajarudi. Kemia ilibaki.

Basi kila mwaka, mada ya muundo wa atomu ilipofika, Munyiva alikuja darasani na vitu vitatu. Kwanza gololi. "Huyu ni Dalton," alisema akiigonga mezani. "Atomu ni mpira mgumu, haugawanyiki, haufunguki, hauna mambo ndani. Watu waliamini hivyo kwa muda mrefu, na wewe ungeamini." Kisha alifunua sufuria ndogo. Ndani yake kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yakapikwa pamoja na maharagwe, chakula ambacho mtoto wa Machakos hukijua kabla hajajua jina lake.

"Huyu ni Thomson. Aligundua ndani ya atomu kuna vitu vidogo vyenye chaji hasi, elektroni. Akajiuliza, sasa vinakaa vipi? Akasema: atomu yote ni uji mzito wa chaji chanya, na elektroni zimechomekwa humo. Haya mahindi meupe ni chaji chanya. Maharagwe ni elektroni."

"Madam, niko na swali," alisema Muindi. Muindi alikaa nyuma kabisa, na kazi aliyojipa darasani ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayelala. "Hiyo ni muthokoi ya nyumbani kwako. Hii ya shule nayo, elektroni ziko wapi?"

Darasa lilicheka, kwa sababu chakula cha mchana shuleni kilikuwa muthokoi siku nyingi kuliko siku zisizo muthokoi, na maharagwe yake yalikuwa ya kutafutwa kwa kijiko na subira. Stoo ilikuwa na ufunguo mmoja, ufunguo ulikuwa na mnyororo, na mnyororo ulifungwa kwenye mkanda wa suruali ya Bwana Mbithi. Gunia liliingia stoo likiwa limenenepa na kutoka jikoni likiwa limekonda, na kati ya hapo hakuna aliyeulizwa.

"Za hapa ni chache, Muindi," Munyiva alisema huku akicheka naye. "Kwa sababu inayojulikana."

Kisha akageukia ubao na kuendelea. Ingekuwa heri angeng'ata ulimi.

Kitu cha tatu kilikuwa punje ya mahindi, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mahali pa kuiweka. Aliwahamisha wote hadi darasa tupu, akawapanga ukutani, akaiweka punje katikati ya sakafu.

"Rutherford alirusha chembe ndogo sana kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba. Kama atomu ni muthokoi, zingepita zote bila shida. Nyingi zilipita. Chache zilirudi nyuma. Akajua kuna kitu kigumu, kidogo, katikati. Hiki hapa. Na kati ya punje na nyinyi mlio ukutani kuna nini?"

"Vumbi, Madam."

"Ondoa vumbi."

Walitazama sakafu, wakatazamana. Kisha msichana mmoja, Fardowsa, binti wa Abshir mfanyabiashara wa mifugo pale mjini, alisema polepole, "Hakuna kitu."

"Na bado nimewadanganya. Kwa punje hii, ukuta haungekuwa hapa. Ungekuwa huko barabarani, karibu na soko. Kila kitu mnachogusa, karibu chote ni utupu."

Waliitazama ile punje kwa macho ambayo Munyiva alienda nayo nyumbani, yakamshibisha kuliko chakula. Fardowsa alibaki nyuma akauliza kama utupu huo upo hata kwenye jiwe. Upo. Na kwenye ng'ombe? Upo. Aliondoka akiwaonea huruma ng'ombe wa baba yake.

*

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, shule kadhaa za eneo lile zilifanya mtihani wa pamoja, ukisimamiwa na kamati ya walimu waliochaguana wenyewe kwa wenyewe. Swali moja katika karatasi ya kemia lilisema: eleza muundo wa atomu kwa mujibu wa Thomson. Siku chache baadaye Bwana Mbithi alimwita Munyiva ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyesema maneno mabaya taratibu ili yasimwagike.

"Keti, Madam. Kuna simu kutoka kwa kamati. Karatasi za Kidato cha Pili zimewekwa kando."

"Kwa nini?"

"Kunakili." Alivaa miwani, akasoma kwenye kipande cha karatasi. "Darasa lote, kwa maneno yaleyale. 'Atomu ya Thomson ni kama muthokoi. Mahindi ni chaji chanya. Maharagwe ni elektroni, nazo ni chache kwa sababu inayojulikana.'" Alivua miwani. "Sababu inayojulikana. Msahihishaji alidhani mmoja amechanganyikiwa. Alipofika karatasi ya kumi na tano akaacha kusahihisha."

Munyiva alikichukua kile kipande cha karatasi, akakisoma mwenyewe. Kisha, na hili hakulipanga, alitaka kucheka, na kule kutaka kucheka ndiko kulikomtisha zaidi.

"Hawajanakili, Bwana Mbithi. Nilisema mimi. Darasani."

"Ulisema nini?"

Macho yake yalishuka kiunoni mwa mwalimu mkuu. Ufunguo ulikuwa pale kwenye mkanda, unalala juu ya paja kama kitoto.

"Mimi nakushauri kama ndugu," aliendelea mwalimu mkuu. "Kamati inakuja Alhamisi. Useme tu watoto wamenakili. Watoto hunakili, si jambo jipya. Wapate sifuri, mambo yaishe."

Lakini mambo yasingeisha, na wote wawili walilijua hilo. Kanuni ya zile shule ilikuwa fupi: anayepata sifuri ya udanganyifu haendelei na somo hilo Kidato cha Tatu, isipokuwa akirudia mwaka. Miaka mingine hilo lilikuwa jambo la kulia wiki moja. Unarudia, unachekwa, unazoea. Mwaka huu hapakuwa na pa kurudia. Nyuma ya Kidato cha Pili kulikuwa na ramani ya Afrika isiyo na Madagaska. Darasa zima lingetolewa kwenye kemia, na pamoja na kemia ungeenda uuguzi wa huyu, famasia ya yule, ualimu wa mwingine, na ng'ombe wote wa Abshir wangebaki na utupu wao bila mtu wa kuwaelezea.

Jioni hiyo, kabla watoto hawajatawanyika, alimkuta Fardowsa kwenye bomba akiosha miguu ya vumbi.

"Fardowsa. Kwa nini uliandika vile?"

"Vipi, Madam?"

"Maharagwe ni machache. Sababu inayojulikana."

Msichana alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ulisema."

"Nilikuwa nacheka."

"Ndio ulikuwa unacheka," alisema Fardowsa. "Lakini ulikuwa umeshika chaki."

Hapo Munyiva aliketi kwenye ukingo wa saruji wa bomba, sketi ikalowa, asijali. Maana ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli katika kila shule aliyowahi kuijua. Mwalimu akiwa mikono mitupu anaongea. Akishika chaki anafundisha. Yeye mwenyewe alikaa kwenye dawati namna hiyo, akaandika kila kilichotoka kwenye mdomo ulio juu ya chaki, pamoja na kikohozi ikiwezekana. Alikuwa amewapokonya watoto pudini akawapa kitu wanachokijua, na wao wakakipokea chote, na sufuria yake, na utani wake, na mwizi wake.

"Muindi naye aliandika?"

"Muindi alijua ni utani. Lakini alisema kama sisi wote tunaandika na yeye haandiki, itaonekana hakuwa darasani."

*

Kamati ilikuja watu wawili, kwa pikipiki mbili za boda boda: mwenyekiti, Bwana Nderitu, mwalimu wa kemia aliyetoka upande wa kati mwa nchi na kuishi mjini kwa miaka mingi hata akaanza kusalimia kwa Kikamba vibaya, na mama mmoja wa kuandika, ambaye hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho na akaandika yote. Waliketi kwenye chumba cha walimu. Bwana Mbithi aliketi karibu nao, kama mtu wa upande wa haki.

"Madam Munyiva," alianza Nderitu. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kwa adabu. "Mimi mwenyewe nafundisha hii mada. Sina ugomvi na muthokoi. Mfano ni mzuri kuliko wa kitabu, na nitauiba. Shida yangu ni hii sentensi ya mwisho. Sababu inayojulikana. Inajulikana na nani?"

Munyiva aliangalia meza. Alikuwa amejiandaa kwa siku tatu, na maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa yamekwenda kujificha.

"Ni utani. Chakula cha shule kina maharagwe machache. Mwanafunzi aliuliza, nikajibu."

"Ukasema sababu inajulikana."

"Ndio."

"Sababu gani?"

Munyiva alimtazama Bwana Mbithi. Bwana Mbithi hakuhamaki. Alitabasamu kwa huzuni, kama mzazi.

"Bwana Nderitu, nisaidie mimi nieleze. Maharagwe yetu si machache. Sasa kama si machache, utani wa namna hiyo ungetoka wapi? Watu hawachekei kitu ambacho hakipo. Mimi si mwanasayansi, mimi ni wa jiografia. Lakini mimi naona hayo ni maneno ya siri. Mtoto mmoja anayaandika, wengine wanajua ndilo jibu la kunakili."

Ilikuwa hoja ya ovyo, na ilikuwa imenyooka kabisa. Munyiva aliwahi kusoma hoja za namna hiyo katika historia ya sayansi. Nyingi zilidumu miaka mia.

"Na tena hawajakosea," alisema ghafla, kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. "Hata kwa Thomson hawajakosea. Mwanzoni alidhani ndani ya atomu moja kuna elektroni maelfu. Miaka michache baadaye akahesabu upya, akakubali ni chache. Chache. Hilo ndilo neno. Watoto wameandika chache."

Nderitu alipitisha kidole kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilionekana anaamini.

"Hiyo inaweza kuwa kweli, Madam. Lakini mwongozo wa kusahihisha hauna."

Aliomba aletwe mwanafunzi mmoja, yeyote. Akaletwa Fardowsa, akapewa chaki, akaambiwa achore atomu ya Thomson. Alichora bakuli. Alilijaza duara ndogondogo za mahindi kwa uangalifu, kisha akaweka maharagwe, hapa moja, pale moja, akarudi nyuma kuangalia, akalifuta moja.

"Kwa nini umefuta?" aliuliza Nderitu.

"Zilikuwa zimekuwa nyingi, Mwalimu."

"Nani alikuambia ni chache?"

"Madam."

"Na mliposema sababu inayojulikana, nyinyi mlikuwa mnajua nini?"

Fardowsa alimwangalia Munyiva, akamwangalia Bwana Mbithi, akaangalia viatu vyake. Alikuwa ametoka kwenye nyumba ya wafanyabiashara. Alijua kunyamaza kuna faida na hasara zake. "Sisi tunajua tu kwamba inajulikana," alisema.

Nderitu alikaribia kutabasamu. Munyiva aliona, akapata tumaini. Kama kikao kingeisha pale, huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini saa ya chakula ilikuwa imefika, na mgeni haachwi aondoke bila kula. Hilo hata adui wa Bwana Mbithi asingeweza kumsingizia.

Chakula kililetwa kwenye sahani za kaure ambazo hutoka kabatini kwa ajili ya wageni. Ilikuwa muthokoi. Ilikuwa na vitunguu, na karoti, na mafuta yanayong'aa juu, na maharagwe. Maharagwe mengi, manene, mekundu, yamelaliana, mahindi yakichungulia katikati yake kwa shida kama watu waliochelewa mkutanoni. Jikoni walikuwa wamefanya kile ambacho jiko lolote la Ukambani hufanya mgeni akija: walimpakulia mgeni kwa heshima. Hakuna aliyewaagiza. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Hapakuwa hata na njama ya kulaumu.

Nderitu alikula kijiko, akakishika kijiko hewani, akakitazama. "Madam," alisema kwa upole, "mimi naona maharagwe."

"Hayo ni yenu."

"Yetu?"

"Ya wageni. Ya wanafunzi siyo hayo."

"Munyiva," alisema Bwana Mbithi, na kwa mara ya kwanza aliacha Madam. "Sasa unatukana hata wapishi."

Mlango uligongwa. Fardowsa alikuwa amesimama hapo na sahani yake ya bati, ameibeba kwa mikono miwili, kilemba chake kimeteleza kidogo kwa mbio. Hakuingia. Aliinyoosha mbele. Muthokoi ilikuwa nyeupe kama ukuta, na juu yake, upande mmoja, maharagwe machache mno yamekaa kama watu waliokosa kupanda gari.

"Mwalimu," alimwambia Nderitu, "hii ndiyo ya kwetu. Angalia tu."

Yule mama aliandika. Nderitu aliangalia. Alianza kuinuka kutoka kitini.

"Amekula mengine njiani," alisema Bwana Mbithi.

Alilisema bila hasira, akiendelea kutafuna. Fardowsa aliitazama sahani yake. Angejibu nini? Huwezi kuonyesha kwamba hukula maharagwe. Nderitu alisimama nusu, akatazama saa yake, akatazama dirishani ambako pikipiki zilikuwa zinangoja na shule nyingine ilikuwa inangoja mbele zaidi, akaketi.

"Sampuli moja haitoshi, binti yangu," alisema, na hakumwangalia usoni. "Ukisoma sayansi utajua."

"Nataka kuisoma, Mwalimu," alisema Fardowsa.

*

Baadaye Munyiva hangeweza kusema ni wakati gani hasa alikata tamaa na wakati gani aliamua, maana vilikuja pamoja kama mtu na mzigo wake. Alimwambia Fardowsa arudi darasani. Alisubiri mlango ufungwe.

"Kama si wao, ni mimi," alisema. "Sivyo? Kuna nafasi mbili tu kwenye hiyo karatasi yenu."

"Madam, mimi sijasema—" alianza Nderitu.

"Ama walinakili, ama nilifundisha vibaya. Basi andika nilifundisha vibaya. Niliwaambia atomu ya Thomson ni muthokoi, elektroni ni chache, sababu inajulikana. Kama somo. Si utani. Wao waliandika walichofundishwa."

Yule mama aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti.

"Unajua kanuni inasemaje kwa mwalimu," Nderitu alisema polepole. "Ataondolewa kwenye somo hadi atathminiwe upya. Na mimi sitakudanganya, hakuna anayejua tathmini hiyo hufanywa lini. Itaandikwa ulikosea ukweli wa msingi. Itaandikwa hukujua."

"Iandikwe sikujua."

"Na unajua."

Halikuwa swali. Nderitu alimgeukia mwalimu mkuu. "Shule ina mwalimu mwingine wa kemia?"

"Tutapanga," alisema Bwana Mbithi.

"Yuko?"

"Tutapanga."

Munyiva alimsikia vizuri. Alijua maana ya tutapanga. Alikaa ndani yake mwaka mzima akiwa na umri wa Fardowsa, akisoma kwa zamu. Aliona kwa uwazi wa kutisha kile alichowekewa mezani karibu na sahani. Darasa lenye mwalimu wa kemia lisilo na kemia, au darasa lenye kemia lisilo na mwalimu. Alitafuta nafasi ya tatu. Aliitafuta hadi chai ilipoletwa. Utupu mwingi vile, na hapakuwa na mahali pa kupita.

Alitia sahihi. Bwana Mbithi alimpa kalamu yake mwenyewe, na alipoinama kumpa, ufunguo ulilia kidogo kwenye mnyororo. Nderitu alipokuwa anaondoka alimshika mkono kwa muda mrefu, akasema, "Nĩ mũvea, mwaitu," asante mama, kwa Kikamba chake kibovu, na sauti ya mtu anayetoa pole kwenye matanga. Kisha pikipiki zikaondoka.

Alama za darasa zilirudishwa, isipokuwa lile swali, lililofutwa. Watoto wote waliruhusiwa kuendelea na kemia. Ilitangazwa kwenye gwaride la asubuhi, wakapiga makofi, na Bwana Mbithi akasema kwamba shule hii husimama na watoto wake. Muindi alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wengine, peke yake, hadi akaambiwa aache.

Munyiva alipewa somo la dini. Alipewa pia darasa lililo ukuta mmoja na maabara, na si kwa ubaya. Lilikuwa ndilo lililokuwa wazi saa hizo. Kuta za shule ile ni tofali moja. Siku ya kwanza ya muhula wa tatu alikuwa akiwafundisha Kidato cha Nne habari za manabii, akiwa ameandika jina la Eliya ubaoni, alipoisikia.

Kwanza alidhani ni redio. Kisha akaitambua sauti, na baada ya sauti akautambua wimbo wake, ule mwendo wa mtu anayesoma maneno asiyoulizwa kama anayaelewa. Kidato cha Pili walikuwa maabara bila mtu. Hakuna aliyekuwa amewaambia wamefika wapi, hivyo walikuwa wamerudi mwanzo wa kitabu na walikuwa wanakisoma kwa sauti, kwa zamu. Mvulana mmoja alimaliza ukurasa. Fardowsa akapokea. Alisoma kuhusu Dalton bila kukwama. Alisoma kuhusu Thomson, akafika kwenye neno, akalitamka kwa taabu, akasimama.

"Pudini," alirudia. "Hii si ndiyo ile ya—"

"Usiseme," ilikuja sauti ya Muindi kutoka nyuma, na hakukuwa na mchezo ndani yake hata kidogo. "Ile haiko kwa kitabu. Utamletea Madam shida."

"Sasa pudini ni nini?"

Kurasa zilisikika zikipinduliwa, mbele na nyuma. Upande wa pili wa tofali, Kidato cha Nne waliinua kalamu zao, wakimngoja mwalimu wa dini aliyekuwa amenyamaza katikati ya Eliya. Munyiva alikuwa amefungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, na ukuta ulikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa imeshinda mabati ya mvua kwa miaka kumi na tisa. Akaangalia mkono wake ulioshika chaki, akafunga mdomo. Akaweka chaki chini, kwenye ukingo wa ubao, taratibu, isije ikatoa mlio.

"Ruka hapo," Muindi alisema. "Endelea."

Fardowsa akaruka, akaendelea.